Kuandaa mabomba ya nyumba kabla ya baridi ya kugandisha: sponji zinatosha?

Kaskazi77:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa wanaoyajua mabomba ya nyumbani kwenye baridi ya kugandisha. Msimu haujaingia bado, kwa hiyo nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu ipo.

Nyumba yenyewe iko hivi: sakafu imeinuliwa, chini kuna uvungu wa sentimita 70 hivi wenye matundu ya hewa pande mbili. Bomba kuu linaingilia humo, kopa ya milimita 22, halafu linagawanyika kwa milimita 15 kwenda jikoni na bafuni. Kipande kimoja kilishabadilishwa kikawekwa plastiki. Sinki la jikoni liko kwenye ukuta wa nje, upande unaopigwa na upepo. Darini kuna tangi la maji baridi. Nje kuna koki mbili, moja ya kawaida, nyingine ile ndefu ambayo vavu yake inafungia ndani ya ukuta. Boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba) ni ya gesi, ya aina ile inayopoza mvuke wa moshi wake na kutoa maji yake kwa bomba jembamba la plastiki linalotokea nje.

Usiku baridi hushuka hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. Msimu uliopita maji ya moto ya jikoni yaligoma asubuhi moja, mchana yakarudi yenyewe. Hakuna kilichopasuka.

Maswali yangu: sponji za kuvisha mabomba zinatosha? Kuacha koki ikidondosha usiku kunasaidia kweli au ni kupoteza maji? Na katikati ya msimu nyumba itakaa tupu wiki mbili: niache joto limewashwa au nimwage maji yote?

---

FundiKoki:

Karibu mkuu. Hayo maji ya moto kugoma na kurudi ni onyo. Barafu ilishakaa ndani ya bomba lile, ilikosa tu muda wa kulipasua. Anza na hapo kabla ya pengine popote.

Kwanza tuelewane bomba linapasukaje, maana ukilijua hilo kila hatua utaona ina kazi gani. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Wengi hudhani barafu inausukuma ukuta wa bomba pale pale ilipo mpaka unaachia. Mara nyingi sivyo. Barafu hulifunga bomba kwanza, kisha inaendelea kukua kwa urefu na kuyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Maji hayabinyiki na hayana pa kwenda, presha inapanda mara nyingi ya ile ya kawaida, na bomba linaachia penye udhaifu, pengine mita mbili tatu kutoka kwenye barafu, hata kama hapo pana joto. Ndiyo sababu watu hukuta mpasuko kabatini chini ya sinki wakati barafu ilikuwa uvunguni. Upande unaoelekea bomba kuu maji yana pa kurudi, isipokuwa kama umefungiwa vavu ya kuzuia maji yasirudi nyuma.

Kopa hupasuka kwa urefu, na kingo za mpasuko hufunguka kwa nje kama mdomo wa samaki. Mabomba ya chuma huachia kwenye nyuzi za maungio. Plastiki laini inayopindika hutanuka na kurudi, lakini fitingi zake za shaba hazitanuki, kwa hiyo hicho kipande chako kilichobadilishwa kisikupe usingizi: kague elbo (kona) na soketi (viungio) zake.

Sasa sponji. Sponji haizalishi joto. Inachelewesha tu joto lililomo ndani ya maji lisitoke haraka. Maji yakitumika kila saa chache, ucheleweshaji huo unatosha, kwa kuwa maji mapya yanaleta joto jipya. Yakitulia usiku kucha kwenye uvungu wenye nyuzi 8 chini ya sifuri, hata sponji nene inanunua saa kadhaa, haizuii moja kwa moja. Na hapa watu wengi hukosea: bomba jembamba linahitaji sponji nene kuliko bomba nene. Mita moja ya kopa ya milimita 15 inabeba maji kiasi cha lita 0.15, ya milimita 22 inabeba lita 0.32. Maji ni zaidi ya mara mbili, wakati ngozi ya bomba inayopoteza joto imeongezeka kwa nusu tu. Kwa hiyo lile la jikoni ndilo litakaloganda kwanza, nalo ndilo dukani watu hununulia sponji nyembamba kwa kuwa linaonekana dogo.

Kwa uvungu wako usishuke chini ya milimita 25 kwenye bomba la 15, na angalau 19 kwenye la 22. Kipimo cha tundu la sponji kilingane na kipenyo cha nje cha bomba. Sponji inayocheza inaacha njia ya hewa kati yake na bomba, na kazi yote inapotea. Mpasuo uelekee chini au pembeni, gundisha kwa gundi yake, halafu zungushia tepu kila sentimita 30. Kwenye elbo kata kwa nyuzi 45 vipande vikutane. Usiikunje sponji, itafunguka upande wa nje wa kona. Vavu, tii (viungo vya njia tatu) na vishikio vya bomba navyo vivishwe. Sentimita 10 za kopa tupu zinatosha kuanzisha barafu.

Kabla hujanunua sponji hata moja, ziba upepo. Hewa inayopita inaondoa joto upesi sana kuliko hewa iliyotulia. Bomba lisilovishwa lililo mahali pasipo na joto huanza kuwa hatarini nje kukifika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, lakini likiwa mbele ya tundu linaloingiza upepo hatari inakuja mapema. Zima taa ya chumba, shika tochi uvunguni usiku, na mtu abaki ndani: kila mwanga unapopenya, hewa inapita. Ziba kwa povu la kupulizia au silikoni, hasa pale mabomba na nyaya zinapotoboa sakafu na ukuta. Matundu ya uvungu yafunikwe wakati wa baridi tu, yafunguliwe msimu ukigeuka, la sivyo unyevu utaozesha mbao. Na kama uvunguni kuna kifaa chochote kinachochoma gesi au mafuta na kuvuta hewa ya humo, usifunike kabisa.

Jikoni: insulesheni (kizuizi cha joto) ikae *kati ya bomba na ukuta wa nje*, upande wa chumba ubaki wazi. Ukijaza kabati lote sufi ya glasi mbele na nyuma unalitenga bomba na joto la nyumba, hapo umeisaidia baridi. Usiku mkali fungua milango ya kabati, toa sabuni na dawa za kusafishia watoto wasizifikie.

Tangi la darini: visha ubavu na mfuniko, lakini chini yake acha wazi ili joto linalopanda kutoka vyumbani lilifikie. Bomba la tahadhari, lile la kumwagia nje maji yanayozidi boya la tangi likishindwa kuyazuia, nalo livishwe. Likiziba kwa barafu maji yatakosa njia na yatashukia kwenye dari.

---

Mhandisi_Mwanaisha:

FundiKoki amesema vizuri, naongeza koki za nje maana hizo ndizo zinazopasua kuta kimya kimya.

Ya kawaida: vua mpira wa kumwagilia. Tafuta vavu ya ndani inayoilisha, ifunge. Rudi nje uifungue koki maji yaishe. Kisha rudi ndani uangalie ubavuni mwa vavu ile. Nyingi zina kifuniko kidogo cha shaba kinachofunguka kwa vidole au koleo. Weka kikombe chini, kifungue, maji yaliyonaswa kati ya vavu na ukuta yatadondoka. Ukikisahau hicho kifuniko, hewa haiingii na nusu ya maji hubaki juu ndani ya bomba, kama kidole kinavyozuia maji kwenye mrija. Rudisha kifuniko, koki ya nje iache wazi msimu wote. Vavu ya ndani ikivuja tone baada ya tone utaliona nje, na utajua mpira wake wa kuzibia umechoka kabla barafu haijakuonyesha. Ikivuja, badilisha mpira huo wa kuzibia wakati hali ya hewa bado nzuri.

Kama hakuna vavu ya ndani kabisa, mfuniko wa sponji wa kuvalisha koki ni bora kuliko hakuna, lakini kazi sahihi ni kukata bomba ndani ya sehemu yenye joto na kuweka vavu yenye tundu la kumwagia.

Ile ndefu: vavu yake iko sentimita 20 hadi 30 ndani, kwa hiyo ukiifunga maji ya kwenye shina hutiririka nje. Yatatiririka kwa masharti mawili. Shina liinamie nje, nyuzi chache zinatosha. Nyingi zimefungwa zikiwa zimelala sawa au zimeinamia ndani, na maji hubaki. Weka pima maji juu yake uhakikishe. Sharti la pili ni mpira wa kumwagilia usiwe umeunganishwa. Mpira ukiwemo, hata ukiwa na kifyatulio kimefungwa mwishoni, maji hayawezi kutoka, shina linapasuka *ndani ya ukuta*, na wewe huoni chochote mpaka siku ya kwanza ya joto utakapofungua koki na maji yakaanza kumwagika ndani. Mshawishi kila mtu wa nyumbani avue mpira baada ya kuosha gari au chochote kile.

Mabomba ya bustani yaliyochimbiwa juu juu yamwagwe kwa hewa ya kompresa. Kwa mabomba laini ya polithini presha isizidi bar 3.5, ya PVC ngumu isizidi bar 5.5, vaa miwani, na puliza eneo moja moja kwa muda mfupi. Hewa kavu inayopita muda mrefu huyeyusha gia za vichwa vya kunyunyizia kwa msuguano.

Shimo la mita ya maji, kama mita yako iko nje: lisijazwe majani wala nguo kuukuu, zinanyonya maji. Tumia mabamba ya povu gumu yaliyokatwa kwa umbo la shimo, na mfuniko ukae sawa bila mwanya.

---

Kaskazi77:

Shukrani sana wakuu. Nimeangalia koki ndefu kwa pima maji: imelala sawa kabisa, haiinami popote. Na kuhusu bomba la jikoni, kuna kipande cha mita 6 hivi uvunguni karibu na ukuta wa upepo. Kebo ya joto, ile ya umeme ya kupasha bomba, inafaa hapo? Nimeona za bei tofauti sana na sijui tofauti yake.

---

Waya_na_Nyuzi:

Kebo inafaa, na hapo ndipo mahali pake, kwa kuwa uvungu wako hauna joto lolote na sponji peke yake itaishiwa usiku mrefu. Lakini ni kifaa cha umeme kinachofanya kazi penye unyevu karibu na mbao. Kifungwe kwa makini.

Zipo aina mbili. Ya kwanza hutoa wati zile zile kwa kila mita, iwe bomba lina baridi au joto. Ni nafuu, huja kwa urefu maalumu, na ina masharti matatu yasiyojadiliwa: isikatwe, isipitane juu ya nyenzake, na isigusane na sehemu nyingine ya kebo hiyo hiyo. Panapopishana joto linajikusanya, ganda linayeyuka. Ya pili hujirekebisha: kiini chake hupunguza wati bomba likipata joto na kuongeza likipoa, kwa hiyo hata ikipishana kwenye vavu haiungui, na inakatwa kwa urefu unaotaka mradi mwisho wake ufungwe kwa kifuniko chake maalumu. Chukua hii ya pili, hasa kwa kuwa una kipande cha plastiki kwenye njia. Hakikisha maelezo yake yanaruhusu mabomba ya plastiki. Kwa plastiki pia gandamiza tepu ya alumini urefu wote chini ya kebo, plastiki haisambazi joto kama kopa.

Hesabu: mita 6 za bomba, ongeza sentimita 30 kwa kila vavu, na kidogo cha kupandia sakafuni. Nunua mita 7. Kwa kebo ya wati 10 kwa mita ni wati 70 tu, taa moja ya zamani. Kwa hiyo gharama ya umeme isikutishe. Kinachokula fedha ni kebo isiyo na thamostati (kidhibiti joto) kuachwa msimu mzima.

Ufungaji: safisha bomba, toa vipande vyenye ncha. Laza kebo moja kwa moja upande wa chini wa bomba, pembeni kidogo, bila kuizungusha isipokuwa watengenezaji wamesema. Ifunge kwa tepu ya nyuzi za glasi au ya alumini kila sentimita 30. Tepu ya kawaida ya umeme huachia gundi kwenye joto, na vibana vya plastiki hukata ganda ukikaza. Kihisio cha thamostati kikae kwenye ncha yenye baridi zaidi, kimegusa bomba, ndani ya sponji. Thamostati nzuri huwasha bomba likifika karibu nyuzi 3 juu ya sifuri. Sponji iwekwe juu ya kebo, lakini soma kwanza: baadhi ya kebo haziruhusu zaidi ya milimita 13 za insulesheni, nyingine zinaruhusu nene. Ndiyo maana kebo ichaguliwe kabla ya sponji.

Plagi yake iende kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme ukivuja, milliampia 30. Usitumie waya wa kuongezea urefu. Kila mwaka kabla ya msimu bonyeza kitufe cha kujaribu swichi hiyo, halafu kagua ganda lote kwa tochi; panya hupenda kulitafuna. Ukiona mahali pameng'atwa au pamebadilika rangi, toa kebo nzima uweke mpya. Kiraka cha tepu hapo hakifai.

---

FundiKoki:

Nakubali yote. Kuhusu koki iliyolala sawa, legeza vishikio vya ndani, inua mwisho wa ndani mpaka pima maji ionyeshe mteremko wa nje, weka kipande cha mbao kama kabari nyuma ya sahani yake ukutani, kaza. Kama bomba la ndani ni gumu na halina nafasi ya kuinuka, usililazimishe, litavunjika kwenye kiungo. Fanya kama ya kawaida, yaani weka vavu ya ndani yenye tundu la kumwagia.

---

BiZainabu_Boila:

Naomba niguse mambo mawili ambayo bado hayajaguswa, boila na koki inayodondosha.

Boila yako ya kupoza mvuke inatoa maji kiasi cha lita 2 kwa saa ikiwa inafanya kazi sana. Hayo maji hutoka kidogo kidogo kwenye bomba lile jembamba, na yakifika nje hayana mwendo wa kukimbia baridi. Yanaganda kwenye mdomo, barafu inarudi nyuma, boila inajaa na kujizima. Hutokea usiku ule ule unaohitaji joto zaidi, nyumba inapoa, halafu mabomba mengine yanafuata. Kwa hiyo bomba hilo ndilo ningelifanyia kazi kwanza kuliko hata jikoni.

Dawa bora ni kulielekeza ndani, limwage kwenye bomba la maji machafu la sinki au mashine ya kufulia. Likibaki nje, lipanuliwe kuwa milimita 32 au zaidi kabla halijatoboa ukuta, mteremko angalau milimita 45 kwa kila mita, safari ya nje iwe fupi, isizidi mita 3, elbo chache, sponji isiyonyonya maji yenye ganda la kustahimili jua, na mdomo ukatwe mshazari wa nyuzi 45 ili tone lisikae kwenye ukingo. Likiganda, dalili ni sauti ya kububujika ndani ya boila na kujizima. Limwagie maji ya uvuguvugu, si ya kuchemka, kuanzia mdomoni, kisha uiwashe upya. Ukimwaga maji sakafuni hapo nje, tandaza chumvi, yatageuka utelezi.

Sasa kudondosha. Si kupoteza maji, kunasaidia, na sababu FundiKoki ameitaja bila kuiunganisha: koki iliyo wazi kidogo inaachilia presha kati ya barafu na koki. Hata bomba likiziba, halina shinikizo la kulipasua. Kwa hiyo dondosha koki iliyo *mwisho* wa bomba linalopita penye baridi, na dondosha pande zote mbili, moto na baridi. Koki ya mkono mmoja ikiwekwa upande wa baridi tu inaliacha la moto limefungwa, na la moto likilala bila kutumika huganda sawa na lenzake. Mfululizo mwembamba usiokatika ni bora kuliko tone kwa tone.

Lakini kuna mahali kudondosha kunadhuru. Kama bomba la maji machafu nalo linapita nje au kwenye uvungu ulio wazi, matone yanaganda humo tabaka kwa tabaka, linaziba, sinki linafurika sakafuni huku mmelala. Vivyo hivyo kwa nyumba yenye tangi dogo la maji taka ambalo tayari limejaa. Kagua bomba la kutolea kwanza. Na kudondosha ni kwa usiku wa dharura, si mbadala wa kuvisha.

---

Mhandisi_Mwanaisha:

Nijibu la wiki mbili. Watu wengi watakwambia acha joto nyuzi 13 uondoke. Hiyo inafaa kama kuna mtu wa kupita kila siku moja au mbili. Bila mtu, umeme ukikatika usiku mmoja boila inazima, na isipojiwasha tena, muda uliobaki nyumba inaganda bila shahidi. Ulinzi wa barafu uliomo ndani ya boila unaihami boila yenyewe tu, nao unahitaji umeme na gesi. Mimi nashauri maji yamwagwe *na* joto dogo liachwe. Joto linalinda radieta (vipasha joto vya vyumbani vinavyopitisha maji ya boila), ambazo humwagi. Kama huiamini boila, mzunguko wa radieta utiwe dawa ya kuzuia kuganda inayokubaliwa na watengenezaji wa boila, kwa kipimo chao.

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana.

Zima umeme wa hita ya maji kwenye kikatio chake kabla ya jambo lolote. Koili yenye umeme ikikosa maji inaungua kwa dakika chache. Kama hita ni ya gesi, izime. Acha maji yapoe, yasije yakakuunguza.

Funga koki kuu. Izungushe mpaka mwisho, kisha fungua sinki uone kama maji yanaisha kweli. Koki kuu isiyoguswa kwa miaka mara nyingi haifungi vizuri, na siku ya kugundua hilo isiwe siku ya safari.

Fungua koki zote kuanzia ya juu kabisa, moto na baridi, ukishuka. Za mkono mmoja ziwekwe katikati na kuinuliwa. Bafu la mchanganyiko lifunguliwe nusu ya joto, na kichwa cha mkononi kilazwe chini, vinginevyo mpira wake unabaki na maji. Vuta choo, kausha kilichobaki kwenye tangi lake kwa sponji. Hita imwagwe kwa mpira uliofungwa kwenye koki yake ya chini, huku koki ya maji ya moto ya juu ikiwa wazi ili hewa iingie. Mwisho fungua koki ya kumwagia iliyo chini kabisa karibu na koki kuu. Sehemu yoyote inayolegea katikati kama tumbo itabaki na maji. Ama ipulize kwa kompresa kwa presha ndogo, ama ifungue kwenye yunioni (kiungo kinachofunguka).

Vavu za tufe zina ujanja wake. Zikiwa zimefungwa au zimefunguliwa kabisa, kuna maji yananaswa kati ya tufe na kasha lake. Baada ya kumwaga, ziache nusu, mkono ukiwa nyuzi 45. Hii haiihusu koki kuu, hiyo ibaki imefungwa, na ndiyo sababu ikae penye joto au ivishwe vizuri.

Trapu (mikunjo ya bomba la maji machafu): chini ya kila sinki, bafu na tundu la sakafu kuna maji yaliyotulia ambayo kumwaga hakuyagusi. Mimina nusu lita ya antifrizi (dawa ya kuzuia kuganda) ya propilini glaikoli kila sinki, na chooni toa maji ya bakuli kwanza kisha mimina lita 1 hadi 2. Tumia ile iliyokwisha kuchanganywa, usiizimue. Antifrizi ya gari yenye ethilini glaikoli ni sumu, isitumike kwenye mabomba ya nyumba hata kidogo. Usiondoe maji ya trapu ukaziacha kavu, gesi ya maji taka itaingia ndani.

Vinavyosahaulika kila mara: pampu ya mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo, mrija wa barafu wa friji, kichujio cha maji, na bideti. Kama nyumba ina mfumo wa kuzima moto kwa kunyunyiza maji, usiuguse. Muite fundi wake.

Ukirudi, funga koki zote isipokuwa ya juu moja, fungua koki kuu robo tu, sikiliza, zunguka nyumba nzima, kisha ongeza. Hita isiwashwe mpaka koki ya maji ya moto itoe maji mfululizo bila kutema hewa.

---

Kaskazi77:

Nimeelewa, na orodha ya kazi imeshapangwa: bomba la boila, jikoni, koki za nje. La mwisho: pamoja na yote hayo, bomba likiganda usiku, nalifanyaje? Nimeona watu wanatumia moto wa gesi.

---

FundiKoki:

Moto wa wazi usitumie. Unawasha mbao za uvungu na vumbi la ukutani, unayeyusha risasi ya maungio ya kopa, na maji yakichemka kati ya barafu mbili mvuke hauna pa kutokea, bomba linalipuka usoni.

Koki moja haitoi maji na nyingine zinatoa? Barafu iko kwenye tawi lake. Zote kavu? Iko kwenye bomba kuu au kabla ya mita. Ya kabla ya mita waachie mamlaka ya maji.

Funga koki kuu kwanza, kwa sababu huenda bomba limeshapasuka na barafu yenyewe ndiyo kizibo. Kisha fungua koki iliyogoma. Pita na mkono kwenye bomba utafute sehemu yenye umande wa barafu, iliyovimba, au baridi kuliko nyingine; angalia sana pale linapopita ukutani na mbele ya matundu. Anza kupasha *upande wa koki*, ukirudi nyuma kuelekea kwenye barafu, ili maji yanayoyeyuka yapate njia ya kutoka. Ukianzia katikati unatengeneza chumba cha maji kati ya vizibo viwili. Kikausha nywele kinatosha, au taulo zilizolowekwa maji ya moto zikibadilishwa kila zikipoa. Kikausha nywele usikitumie ukiwa umesimama kwenye maji. Kama liko ndani ya ukuta, pandisha joto la chumba, fungua kabati, elekeza feni ya joto na uwe na subira. Inaweza kuchukua saa kadhaa.

Ukikuta mpasuko: koki kuu ibaki imefungwa, zima hita ya maji, fungua koki zote za chini bomba lijimwage, na kama maji yamefikia taa au soketi kata umeme wa eneo hilo kwenye kikatio bila kugusa swichi zilizolowa.

Likiyeyuka bila mpasuko unaoonekana, usiende kulala bado. Fungua koki kuu polepole, funga koki zote za nyumba, uende kwenye mita. Andika namba, pamoja na tarakimu nyekundu za mwisho, ngoja nusu saa, soma tena. Likisogea lolote, au kigurudumu kidogo cha mita kikizunguka, kuna ufa mahali usipopaona: funga tena koki kuu na uanze kukagua mita moja moja kuanzia uvunguni, hasa fitingi za kile kipande cha plastiki.